Mayai ya Bi Ruddock

Mayai yalikuwa sita, yamelazwa kwenye majani makavu ndani ya kofia kuukuu ya kike, na kofia imewekwa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mahali ambapo mtu akitoka kichwa juu ataikanyaga. Myrtle Nankervis hakuikanyaga. Alishazoea kutoka akitazama chini. Aliinama, akayahesabu, akasonya.

"Perce! Bi Ruddock tena."

Mumewe alikuwa mezani anafunga kamba za buti. "Yarudishe."

"Nimekuuliza? Najua yarudishwe. Nakwambia tu uyaone. Hili hapa lina viini viwili, naapa."

"Sitaki kuyaona."

Myrtle akavua aproni, akavuka barabara na ile kofia ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba maziwa yaliyojaa hadi ukingoni. Bi Ruddock, mwalimu wa shule, alikuwa ukumbini kwake akingoja, maana alijua.

"Ahsante Bi Ruddock, lakini kuku wetu nao wametaga."

"Hamna kuku, Myrtle."

"Ndiyo. Lakini ahsante."

Na hayo yalikuwa yote. Mlango ukafungwa kwa adabu, ile adabu inayochoma kuliko tusi.

Kosa lenyewe lilikuwa nini? Wiki mbili nyuma mwalimu huyo, mwanamke mseja wa miaka arobaini na kitu, alimsimamisha Perce kwenye uzio akamuuliza kwa nini kwenye tenisi mpira wake wa kuanzisha hauvuki wavu. Perce akamwambia, "Unautupa mbali mno, Bi. Utupe kama unayeweka kikombe kwenye rafu ya juu." Maneno hayo tu, kisha akaenda zake kazini. Tangu siku hiyo, mayai.

Pale Yarrangool mtu akikufaa hashukuriwi kwa mdomo mtupu. Unamwachia kitu mlangoni na kuondoka kabla hajafungua. Chupa ya jamu, sungura aliyekwisha kuchunwa, nusu boga. Naye hasemi kitu, ila chombo chako kikirudi, hakirudi kitupu. Hivyo ndivyo watu walivyovuka miaka ile ambayo kazi zilikauka na wanaume walipita barabarani na blanketi mgongoni wakiuliza kama kuna kuni za kupasua. Kumrudishia mtu kitu chake ni kumtemea mate. Na akina Nankervis walikuwa wamerudisha kila kitu, kwa miaka mitatu kasoro siku ishirini na tatu.

*

Perce alikuwa mchezaji wa tenisi. Kusema hivyo ni kama kusema bata ni muogeleaji. Alikulia kwenye uwanja wa mji, ule wa udongo wa kichuguu uliopondwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa kwa gogo la chuma hadi ukawa mgumu kama sahani. Baba yake alikufa vitani Ufaransa Perce akiwa na miaka minane, na raketi ya baba ndiyo urithi aliouona. Alipofika miaka kumi na minane hapakuwa na mtu wa kumsumbua kwa umbali wa siku mbili za farasi.

Kiangazi kile, akina Killigrew wenye shamba kubwa la kondoo walimchukua akawafundishe binti zao watatu. Wakamlisha, wakamlaza chumba cha wakata manyoya, na siku ya kuondoka mama mwenye nyumba akampa jozi ya buti na koti la sufu. Perce akashukuru, akavaa buti, akarudi kwao. Hakufikiria kitu. Nani angefikiria kitu juu ya buti?

Lakini tenisi ya siku hizo ilikuwa ya watu wa ridhaa. Unacheza kwa sababu unapenda, basi. Aliyepokea chochote kwa ajili ya mchezo, hata soksi, huyo ni mchezaji wa kulipwa, na mtu wa kulipwa hakanyagi uwanja mmoja na watu wa ridhaa. Juu kabisa ya uwanja huo kulikuwa na Kombe la Davis, ambalo mataifa yaliligombania kila mwaka kwa timu za watu wachache. Wakati huo Kombe lilikuwa Paris. Vijana wa Australia walipanda meli wiki sita kwenda kulitafuta, wakarudi mikono mitupu, na mwaka uliofuata wakapanda tena.

Perce alipofika miaka ishirini na mitano alikwenda Sydney kwenye mashindano ya watu wa mashamba, akawapiga wote. Kamati ikamwita kwenye majaribio ya kuchagua timu. Ikampa fomu ajaze. Swali la nne: *Umewahi kupokea chochote kwa kufundisha mchezo huu?* Wengine waliokaa kwenye benchi lile walijaza "hapana" bila kuinua kalamu, na kati yao walikuwamo watu waliokula mishahara ya maduka ya raketi. Perce alikuwa amelelewa kanisani na mama mjane. Akaandika: *Buti na koti.* Wakati anaandika, alikuwa amelivaa hilo koti.

Wakamfungia. Wakamwambia anaweza kusafishwa, lakini sharti akae miaka mitatu bila kupata riziki wala zawadi yoyote kutokana na mchezo. Miaka mitatu ikiisha, alete ombi, kamati italitazama.

Basi akaacha hata kazi ya kutunza uwanja wa mji, ambayo ilikuwa inampa mkate. Akaingia machinjioni, maana ndiko pekee kulikokuwa kunaandika watu. Walimweka banda la utumbo.

Banda hilo lilikuwa la mabati, na mchana wa Januari hata nzi walitafuta kivuli. Utumbo wa kondoo uliletwa kwa ndoo, ungali na joto. Unautia maji, unaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada hadi uchafu utoke, unaukwaruza kwa kipande cha mti, unaupaka chumvi, unaulaza kwenye pipa tabaka kwa tabaka. Kisha unachukua mwingine. Harufu yake haitoki kwa sabuni. Kwenye dansi za mji, Perce na Myrtle walikuwa na nafasi nzuri ya kuzunguka kuliko wenzao wote, na Myrtle alicheka hilo mwaka wa kwanza.

Jioni, baada ya kazi, alipiga mpira kwenye ukuta wa ghala la ngano. Ghala lenyewe lilikuwa la duara, la saruji, kwa hiyo mpira haukurudi ulikotoka hata mara moja. Ulirukia kushoto, ukarukia kulia, na yeye akiukimbiza. Watu walipita wakamtazama. Zamani wangesimama wakamtania. Sasa walipita tu.

Kwa maana mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Kamati ilimfunga Perce, lakini aliyebeba bakuli kuvuka barabara ni Myrtle. Mwanamke huyo hajawahi kushika raketi. Alirudisha jamu ya mama aliyemzalisha dada yake. Alirudisha keki ya Krismasi, maana nani angethibitisha kwamba haikutokana na mchezo? Mtu aliyefundishwa na Perce miaka ya nyuma alileta mguu wa kondoo Myrtle alipoharibikiwa na mimba, na Myrtle akiwa kitandani akauliza, "Huyo si ulimfundisha?" Perce akaitikia kwa kichwa. "Basi urudishwe," Myrtle akasema, akageukia ukuta.

"Wanaringa," mji ukasema. "Wanangoja kuitwa na wafalme."

Wao wakangoja tarehe kumi na nne Machi, miaka mitatu itimie.

*

Timu ya Kombe ilipita Yarrangool Jumamosi ya mwisho ya Februari, siku kumi na tano kabla. Kila mwaka kabla ya kupanda meli walizunguka miji ya bara wakicheza michezo ya maonyesho, watu wakalipa kiingilio, nauli ikapatikana. Wachezaji wanne na msimamizi wao, Meja Colquhoun, mzee mwembamba aliyenyooka kama fimbo ya bendera, sharubu nyeupe, mkono mmoja haufiki juu kwa sababu ya vita. Kiongozi wa wachezaji aliitwa Lindsay Harcourt, kijana mrefu wa nywele za rangi ya ngano, ambaye alicheka kabla hujamaliza kusema.

Duka la mkate lilifungwa. Posta ilifungwa. Hata machinjio yalisimama saa sita, jambo ambalo halikufanyika hata alipokufa meneja.

Kisha ikasikika kwamba mmoja wa wanne, yule mdogo wao, amelala hotelini ameshika tumbo. Amekula sambusa kubwa ya nyama ya kondoo kituo cha treni, na nyama hiyo ilikuwa imesafiri kuliko yeye.

Meja akasimama katikati ya uwanja. "Tunahitaji mtu wa nne kwa mchezo wa wawili wawili. Kuna yeyote hapa anayeweza kushika raketi?"

Watu walikuwa na hasira na Perce, lakini mji ni mji.

"Perce!" mtu akapaza sauti toka nyuma. Kisha wote. "Perce Nankervis! Mpeni Perce!"

"Lakini msimpe chai!" akaongeza Dunstan mwoka mikate. "Ataikataa!"

Vicheko vikatapakaa uwanja mzima. Perce alikuwa amekaa kwenye nyasi karibu na Myrtle, masikio yamemwiva. Akaenda hadi kwa Meja akavua kofia.

"Bwana Meja, mimi nimefungiwa. Zimebaki siku kumi na tano."

"Nankervis? Wewe ndiwe Nankervis wa buti?" Meja akamtazama juu hadi chini, na macho yake yakalainika. "Nimo kwenye kamati hiyo. Faili lako nimelisoma mimi. Huu ni mchezo wa kirafiki, kijana, hupati kitu. Cheza."

Akacheza. Waliokuwapo wanaisimulia kila mmoja kivyake. Mwisho ukisikiliza wote unapata kwamba Perce aliingia na suruali ya kazini, akasimama upande mmoja na Harcourt, na kwa michezo mitatu ya kwanza hakufanya kosa kwa sababu hakujaribu kitu. Kisha mpira ukampita pembeni, ukagonga ukingo wa mstari, ukaruka ovyo. Mwingine angeuacha. Perce aliukimbilia kama anaukimbiza kwenye ghala, akaurudisha kwa mgongo wa raketi katikati ya wale wawili, wakabaki wanatazamana kama watu waliopishana mlangoni.

"Umejifunza wapi hiyo?" Harcourt akauliza.

"Ukutani."

"Ukuta gani huo, kaka? Niuzie."

Walishinda seti mbili kwa moja. Myrtle hakupiga makofi. Alikuwa ameshika nyasi kwa mikono yote miwili, na alipotazama chini akakuta ameng'oa kiraka kizima.

Wakati wa chai, akina mama wa kanisa wakatembeza sinia za mikate. Perce akanywa maji ya chupa aliyotoka nayo nyumbani. Meja akaliona hilo.

"Hata chai hunywi?"

"Siku kumi na tano, Bwana Meja."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Laiti ningekuwa na askari kumi namna yako. Tarehe kumi na nne nitainua mkono wangu, huu unaoinuka, na majaribio ya mwakani utakuwamo. Una neno langu."

Ungemwona Perce! Hakutabasamu. Alitazama buti zake kama mtu aliyeambiwa asizisogeze. Miaka mitatu, na mlango umefunguka kidogo tu, mwanga unaingia.

Ndipo Harcourt akaja anaburuta raketi. Uzi umekatika katikati. "Hii ya tatu wiki hii! Angalieni."

Perce akaipokea, akaupapasa uzi uliokatika. Kidole chake kilikuwa hakijui kunyamaza kama mdomo wake. "Huu utumbo umekwaruzwa kwa chuma," akasema. "Umeumia ndani. Ungekwaruzwa kwa mti usingekatika hapa."

"Na hii je?" Harcourt akampa nyingine.

Perce akaipapasa. "Hii nzuri. Nyuzi zake unanunua wapi?"

Harcourt akatoa kwenye begi pakiti ya nyuzi. Ilikuwa na alama ya kichwa cha kondoo dume, chekundu. Perce akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Huyu dume namjua! Yuko kwenye mapipa yetu. Kiwanda hiki ndicho kinachonunua utumbo wetu wote."

"Utumbo wenu?"

"Niko banda la utumbo, pale machinjioni. Mwaka wa tatu huu."

"Jamani!" Harcourt akageuka, mikono juu. "Meja, sikia! Tunakwenda kupigania Kombe kwa utumbo aliouosha huyu bwana! Kumbe tumekuwa tukisafiri naye Ulaya miaka yote!"

Wote wakacheka. Perce naye akacheka. Meja Colquhoun hakucheka. Alishusha kikombe kwenye kisahani chake polepole, bila sauti, akatazama mbali, kwenye wavu. Uso wake ukawa wa mtu aliyekanyaga kitu gizani na hataki kujua ni nini.

Aliyeuona uso ule ni Myrtle peke yake. Alikuwa hatua kumi kutoka pale, na hakusikia neno.

Njiani kurudi nyumbani akauliza, "Ulimwambia nini yule mzee?"

"Nani? Meja? Tulikuwa tunaongea habari za nyuzi."

"Perce. Ulimwambia nini?"

"Kazi ninayofanya."

Myrtle akasimama katikati ya barabara. "Alikuuliza?"

"Hakuuliza. Ilikuja tu."

"Mungu wangu," akasema. "Buti na koti tena."

*

Barua ilifika tarehe kumi na moja. Perce aliisoma kwa kusimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Myrtle akainyakua.

Kamati ilikuwa imesikitika. Ilikuwa imemsifu kwa subira yake. Lakini ilikuwa imepata habari, kutoka kinywani mwake mwenyewe, kwamba kwa miaka yote mitatu riziki yake ilitokana na kutengeneza vifaa vya mchezo, kwa kuwa utumbo anaouosha ndio unaosukwa nyuzi za raketi. Kwa hiyo miaka hiyo mitatu haihesabiki. Akitaka kuanza upya, itahesabiwa toka siku atakayoacha kazi hiyo. Chini, kwa wino mwingine, palikuwa na mwandiko wa mzee: *Nilijaribu kujizuia nisiseme. Sikuweza. Wewe utanielewa. Colquhoun.*

"Simwelewi," Myrtle akasema. "Wewe unamwelewa?"

Jambo lililomkaba Perce ni kwamba alikuwa anamwelewa.

Asubuhi yake akaenda kwa mnyapara, mzee Scobie, Mskoti mnene ambaye kiko chake hakikuwahi kuwaka. Akamweleza yote. Scobie akasoma barua akiwa ameishika mbali na macho.

"Sasa unataka nini?"

"Nihamishe, mzee. Nitoe kwenye utumbo. Popote."

"Popote. Haya. Ngozi?"

"Ngozi sawa."

Scobie akafikiri. "Ngozi zetu zinakwenda kwa mtengeneza ngozi wa mtoni. Ile laini anaikata vipande vyembamba, anauza. Unajua vya nini?"

"Vya nini?"

"Vya kufungia mpini wa raketi."

"Basi mifupa."

"Mifupa inachemshwa gundi. Raketi ya mbao inashikwa na nini, mate?"

"Manyoya. Niweke kwenye manyoya, mzee."

Scobie akaanza kucheka. Hakuwa anamcheka Perce. Kicheko kilianza kidogo tumboni, kikapanda, hadi akalazimika kutoa kiko mdomoni. "Mwanangu! Mpira wa tenisi umevaa nini? Umevaa sufu! Sufu ya kondoo!"

"Nyama," Perce akasema, sauti imekauka.

"Nyama wanaila wao wenyewe! Yule wa sambusa umemsahau?" Mzee akajifuta macho. "Kilichobaki ni mlio. Nenda malishoni ukakusanye mee-mee, labda kamati itakuruhusu." Kisha akaona uso wa kijana, kicheko kikamkatikia. Akamshika bega. "Sikiliza. Mji huu wote ni kondoo. Mwoka mikate anawauzia wachunga kondoo. Mchungaji anaishi kwa sadaka za wakata manyoya. Mwalimu anafundisha watoto wa wachinjaji. Kama wewe ni wa kulipwa, sisi sote ni wa kulipwa, hata mbwa wangu. Hakuna mtu wa ridhaa Yarrangool. Wa ridhaa ni yule ambaye baba yake alikula kondoo wote kabla hajazaliwa."

"Nitaacha kazi."

"Uende wapi? Umewaona wanaopita na blanketi? Sita leo, na bado saa tatu haijafika." Akamrudishia barua. "Nafasi yako nitaishika hadi mchana. Zaidi ya hapo siwezi, na usiniulize kwa nini, dirishani wanatuchungulia."

Perce akatoka nje. Getini walikuwa wamekaa wanaume sita, mabegi miguuni, wanamtazama. Hawakumtazama vibaya. Walimtazama jinsi mtu anavyotazama kiti ambacho kitaachwa wazi.

Akahesabu. Ana miaka ishirini na minane. Akianza leo, thelathini na mmoja. Thelathini na mmoja si uzee, wapo waliochezea Kombe wakiwa na thelathini na tano. Miaka mitatu tu. Alishaifanya mara moja. Alijua jinsi ya kuikaa. Lakini akaikae wapi? Aende mji gani katika nchi hii ambako hakuna kondoo? Na Myrtle aanze upya kuvuka barabara, sahani mikononi?

Mmoja wa wale sita akasimama, akajipangusa vumbi. "Kaka, unatoka au unaingia?"

Perce akaitazama barua, akaitia mfukoni.

"Naingia," akasema.

Siku hiyo alikwaruza utumbo wa kondoo mia moja na kitu. Alikwaruza kwa mti. Hakuumiza hata mmoja.

*

Tarehe kumi na nne Machi ikafika kama tarehe yoyote. Asubuhi Myrtle alifungua mlango wa nyuma akitazama chini, na kofia ilikuwapo. Mayai sita. Safari hii Bi Ruddock alikuwa ameweka na kikaratasi: *Jumamosi imevuka wavu mara kumi na moja.*

Myrtle akayainua. Alivua aproni, akaitundika, akachukua kofia kwa mikono miwili, akaelekea barabarani. Miguu yake ilishajua njia.

"Yaache," Perce akasema.

Akasimama, mgongo kwake. "Nini?"

"Nimesema yaache."

"Perce, ukiyala haya hakuna kuanza upya. Leo, kesho, wala ukiwa na miaka sitini. Ukiyala umelipwa."

"Najua."

"Usije ukaniambia mwezi ujao kwamba nilikupikia."

"Pika, Myrtle."

Akapika. Aliyakaanga kwa mafuta ya kondoo, maana mafuta mengine hayakuwapo, na nyumba ikajaa harufu ambayo haikuwa ya bandani. Moja kati ya hayo kweli lilikuwa na viini viwili. Akamwekea yeye. Perce akakata kipande, akakitia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu kuliko yai linavyohitaji. Kisha akameza. Myrtle alikula yake matatu bila kuinua kichwa, akafuta sahani kwa mkate, na alipomaliza machozi yalikuwa yanamtoka, akayaacha yatoke.

"Tamu," akasema.

"Tamu," Perce akasema.

Kofia ikabaki mezani, tupu. Na kofia ya watu hairudi tupu. Wakaangalia huku na huku, nyumba hiyo haikuwa na kitu cha kutia ndani, kwa miaka mitatu hawakuwa wamehitaji. Mwishowe Perce akaingia chumbani, akarudi na mpira, ule wa ghala, umechakaa hadi sufu yake imebaki kama kichwa cha mzee. Akautia kwenye kofia. Safari hii akavuka barabara yeye.

Bi Ruddock alikuwa ukumbini, amejiandaa kufunga mlango kwa adabu. Akaona mpira. Akaona mafuta kwenye kidevu cha Perce.

"Njoo Jumamosi na raketi yako, Bi," Perce akasema. "Saa tisa. Kutupa umeshajua, tatizo lako sasa ni miguu. Nitakutoza mayai sita."

Mwalimu akaitazama kofia kwa muda. Alikuwa mwanamke aliyesoma magazeti. Alijua tarehe.

"Kuku wangu wamepunguza," akasema taratibu. "Wanataga manne siku hizi."

"Basi manne."

"Na jamu?"

"Na jamu."

Mwalimu akaipokea kofia, akampa mkono. Kisha Perce akageuka, akavuka barabara kurudi, mikono mitupu, hajui aiweke wapi.